Mtu wa Uwili

Kemorabu, Tarime
4 Februari 1957

Mdogo wangu Rhobi,

Marahaba. Nimeipokea shikamoo yako hata kabla hujaiandika, maana najua ndiyo utakayoanza nayo. Hapa nyumbani hatujambo. Goti la Mama limepona na ameanza tena kugombana na kuku. Mtama umeota vizuri, ingawa ndege nao wameshauona.

Nina shauri kubwa. Juzi Mzee Stanslaus, hakimu wetu, aliniita akaniambia mkalimani mkuu wa baraza anastaafu. Kiti kile ni changu, kama watu wawili wanaojua kuandika watanishuhudia kwa barua. Ya kwanza ataandika Padri. Ya pili nataka iandikwe na wewe. Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, atakuja tarehe 8 Aprili kuniapisha mbele ya watu wote. Rhobi, kwa miaka tisa nimesimama katikati ya baraza lile, Wakurya upande huu na Wajaluo upande ule, nikihamisha maneno yao, na sijawahi kudondosha hata moja. Kiti hiki sipewi kwa huruma. Nimekistahili.

Lakini kuna minong'ono. Unajua ninavyofanya kazi: mtu akisema "mimi", nami nasema "mimi". Sisemi "huyu anasema kwamba", kwa sababu hapo watu huanza kumsikiliza mkalimani wakamsahau mwenye shauri. Sasa tuna kesi ya mtamba mwenye baka jeupe, kati ya Mzee Waitara na Mjaluo mmoja aitwaye Onditi. Wiki iliyopita asubuhi, Waitara aliposema, nikageukia upande wa Wajaluo nikasema kwa Kijaluo, "Mtamba huyu ni wangu." Saa sita akasema Onditi, nikageukia Wakurya nikasema kwa Kikurya, "Mtamba huyu ni wangu." Wazee wakatazamana. Mmoja akauliza kama mtamba mmoja anaweza kuwa wangu mara mbili kwa siku. Watu wakacheka sana, ila Mzee Waitara hakucheka.

Kwa hiyo andika vizuri. Kiswahili chako ni cha chuo, changu nimekiokota barabarani. Sema mimi ni mwaminifu, ni Mkurya, mwana wa Heche. Habari za ukoo wa Mama usiziguse. Si kwamba ninaficha. Ni kwamba Bwana Shauri hana haja nazo.

Mpe Kornelio barua, atapita huko na baiskeli yake ya misheni.

Kaka yako,
Simoni Kisyeri Heche


Busawe
19 Februari 1957

Kaka Kisyeri, shikamoo.

Nimefurahi mpaka wanafunzi wameniuliza kama nimeposwa. Mkalimani mkuu! Tata Heche angekuwa hai angechinja, halafu angejidai hakuchinja kwa sababu hiyo.

Barua ya hakimu imeondoka leo na Kornelio. Nimekunakilia maneno yake ili ujue unavyotajwa:

"Mimi, Mwalimu Philomena Rhobi Heche, namjua Simoni Kisyeri tangu nilipozaliwa. Ni mtu wa kweli. Zaidi ya hayo, ni mtu wa uwili. Alichopewa upande mmoja hukifikisha upande wa pili bila kupungua, na hakuna upande anaoukana. Mtu wa namna hii baraza haliwezi kumfundisha, kwa sababu hafundishwi. Anazaliwa."

Usikunje uso kwa neno hilo la uwili. Sikiliza lilikotoka. Kila Jumatano mchana nina darasa la akina mama kanisani. Wiki ile nilikuwa nawaonyesha jinsi neno linavyozaa neno. Mtoto, utoto. Mzee, uzee. Moja, umoja. Siku hizi umoja uko kinywani mwa kila mtu anayetoka Musoma na gazeti, kwa hiyo walilipenda. Ndipo Mama Mogesi akainua mkono. Huyu ni Mwikoma, alizaliwa Robanda akaolewa hapa. Anamsemesha mumewe Kikurya, na wajukuu anawagombeza kwa Kiikoma. Akasema, "Mwalimu, kama moja imezaa umoja, mbili ni tasa?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Niligeuka ubaoni nikaandika UWILI, herufi kubwa. Sijui kama wenye Kiswahili chao huko pwani wanalo. Sisi wa Busawe tunalo, na nilipoliandika nikakuona wewe, umesimama katikati ya baraza, mtamba mmoja kwa vinywa viwili.

Jina la Mama, Akeyo, halimo popote, kama ulivyoagiza. Msalimie, na umwambie kwamba mimi naulizia goti.

Mdogo wako,
Philomena Rhobi


Kemorabu
6 Machi 1957

Rhobi,

Umenimaliza.

Mzee Stanslaus aliisoma barua yako kwa sauti barazani jana. Alipofika kwenye uwili alisimama. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akasoma tena. Kisha akachukua kalamu nyekundu akalipigia neno mstari mbele ya macho yetu. Akasema, "Uwili? Mimi shuleni nilifundishwa ndumilakuwili, yule nyoka mwenye vichwa huku na huku, anayeuma pande zote. Sasa dada yake mwenyewe anatuandikia kwamba huyu ni mtu wa uwili."

Mzee Waitara akaruka juu kama aliyekalia siafu. "Nilisema! Nilisema mimi! Asubuhi ng'ombe ni wake, mchana ng'ombe ni wake! Damu ya dada yake imekiri!"

Nilijaribu kueleza. Nilieleza kwa Kikurya, nikaona Wajaluo wananitazama. Nikaeleza kwa Kijaluo, nikaona Wakurya wananitazama. Kadiri nilivyoeleza kwa lugha mbili ndivyo nilivyozidi kuthibitisha.

Nimewekwa kando mpaka tarehe 8 Aprili, Bwana Shauri aje aamue. Mahali pangu wamemweka Filemoni, ambaye Kijaluo chake ni cha kununulia samaki.

Sitaki maneno mengi. Andika barua nyingine kwa hakimu. Sema ulikosea, ulitaka kuandika "umoja", kalamu ikateleza. Mistari mitatu tu. Iwahi, maana mvua imekaza na mto Mara haungoji mtu.

Mama sijamwambia kitu. Anadhani ninapumzika.

Simoni


Busawe
17 Machi 1957

Kaka Kisyeri, shikamoo.

Nimesoma barua yako mara tatu nikilitafuta kosa langu, na mara zote tatu sikuliona.

Kalamu yangu haikuteleza. Mimi nasahihisha kalamu za watu arobaini na mbili kila siku, najua kalamu iliyoteleza inavyofanana. Kama Mzee Stanslaus anakumbuka nyoka wa shuleni, mwambie na mimi namkumbuka. Ndumilakuwili ana vinywa viwili kwa sababu ana maneno mawili: hapa anasema hili, kule anasema lile. Wewe una vinywa viwili na neno moja. Unalolisema hapa ndilo unalolisema kule, na likiwa chungu hapa, kule nako linafika likiwa chungu. Tofauti hiyo mwanafunzi wa darasa la pili angeiona. Wazee wa baraza zima wameshindwaje?

Halafu unataka niandike umoja. Umoja gani, kaka? Tata alitufundisha kuhesabu kwa Kikurya, tukifika mbili tunasema kabere. Mama alitufundisha kuhesabu kwa Kijaluo, tukifika mbili tunasema ariyo. Hatukuwahi kukosa vidole. Hatukuwahi kuchanganyikiwa kula. Leo nikiandika kwamba wewe ni wa umoja, nimfute nani?

Na kwa kuwa umeniudhi, nitalisema. Unakumbuka siku Mama alipotuletea chakula shuleni, akasimama langoni akakuita "nyathina", mwanangu, mbele ya wenzako? Ulijifanya hukusikia. Akaita tena. Ukainama ukafunga kamba ya kiatu, na siku hiyo hukuwa na viatu. Niliitika mimi. Nilikuwa na miaka saba, na chakula nikakibeba mimi.

Sitaandika barua hiyo. Nina neno moja tu nililolitengeneza maishani, na ni la kweli.

Mdogo wako,
Philomena Rhobi


Kemorabu
25 Machi 1957

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa.

Siku ile ya langoni sijaisahau. Ulidhani nimeisahau? Mama hajaitaja hata mara moja, na ningependa siku moja anitukane kwa ajili yake ili iishe. Hajanitukana. Kila asubuhi ananiuliza kama nimekula.

Sasa amejua. Majirani walimwambia kisimani. Alirudi, akatua mtungi, akaniuliza kwa Kijaluo, polepole, kama ninaachishwa kazi kwa sababu yake. Nikasema hapana, ni kwa sababu ya neno la Rhobi. Akasema, "Rhobi hasemi uongo." Akaenda kuchambua mboga. Nakwambia hili uone kwamba hata humu ndani nimebaki peke yangu.

Barazani hali imekuwa ya aibu. Juzi Onditi alieleza jinsi mtamba alivyozaliwa, nani alikuwepo, mvua ilivyonyesha, mama yake mtamba alivyokataa kunyonyesha. Alisema kwa muda unaotosha kukamua ng'ombe watatu. Filemoni akasimama, akakohoa, akawaambia Wakurya, "Amekataa." Akakaa.

Nilikuwa nje dirishani. Rhobi, niliuma kidole. Maneno yote yale ya yule mtu yalianguka chini na hakuna aliyeyaokota. Si kiti tu ninacholilia, ujue hilo.

Lakini sikiliza nami. Neno lako ni zuri, nimekubali. Ila wewe uko Busawe na chaki yako, mimi ndiye ninayetembea nalo hapa. Tarehe 8 Bwana Shauri akinikataa, nitaitwa ndumilakuwili mpaka kaburini, na wanangu wataitwa watoto wa ndumilakuwili. Nakuomba, mimi mkubwa wako, na sijawahi kukuomba. Mistari mitatu.

Kaka yako,
Simoni


Busawe
2 Aprili 1957

Kaka, shikamoo.

Umeshinda. Ulipoandika "nakuomba" nilijua nimeshindwa, maana wewe ndiye uliyenibeba mgongoni kuvuka mto nilipokwenda kuanza shule, na hukuniambia kwamba ni mzito.

Barua imo humu ndani, haikufungwa. Nakunakilia pia hapa, nisije nikajidanganya kwamba sikuiandika:

"Kwa Mzee Hakimu. Katika barua yangu ya tarehe 19 Februari niliandika uwili. Nilikosea. Nilikusudia umoja. Ndugu yangu ni mtu wa upande mmoja."

Ni uongo wangu wa kwanza kwa maandishi. Nimeuandika kwa mwandiko mzuri, kama vile uzuri wa mwandiko ungesaidia.

Jumatano niliingia darasani nikasema akina mama wafute neno lile. Wakafuta, wote isipokuwa Mama Mogesi. Alifunika daftari kwa kiganja akasema, "Mwalimu, mimi nyumbani kwangu neno hili linafanya kazi. Nikilifuta nitamwambia nini mume wangu, na wajukuu nitawaambia nini?" Nilimwambia aendelee kulifunika.

Kornelio anasema mto umejaa, atavuka kwa mtumbwi na kuiacha baiskeli ng'ambo hii. Ameniapia kwa watakatifu wote kwamba atafika kabla ya tarehe 8. Fanya utakavyo. Ukishaapishwa, usiniandikie kwa muda kidogo. Niache nilizoee.

Rhobi


Kemorabu
10 Aprili 1957

Mdogo wangu, Mwalimu Philomena Rhobi,

Najua ulisema nisiandike. Keti kwanza.

Kornelio alifika asubuhi ya tarehe 8, matope mpaka magotini. Nikaisoma barua yako njiani, nikaitia mfukoni mwa koti. Nilikuwa nimepona, ndivyo nilivyojiona. Barazani watu walikuwa wamejaa mpaka nje, Wakurya huku, Wajaluo kule, Bwana Shauri katikati na meza yake ya kukunja. Mama alikuwa ameketi ukutani pamoja na wanawake wengine. Sikumwomba aje. Alikuja amevaa kitenge kile cha Pasaka.

Mzee Stanslaus akasema kabla ya kiapo, mwenye pingamizi aseme, na Filemoni atafsiri. Mzee Waitara akasimama. Alisema hivi kwa Kikurya, na nakuandikia yote: "Mama wa mtu huyu alikuja kwetu amebeba samaki mkavu, na harufu yake haijatoka mpaka leo. Mtoto wa mwanamke yule hana kwao. Akisema kweli, amesema kwa bahati mbaya."

Filemoni akamtazama Onditi, akamtazama Mama, jasho likamtoka. Akasema kwa Kijaluo, "Anakusalimuni."

Nusu ya Wajaluo wanaelewa Kikurya, Rhobi. Kelele iliyotoka pale iliwatimua njiwa juu ya bati. Onditi akasimama akapiga fimbo chini, akasema kama salamu ya Wakurya ndiyo hiyo, basi aletwe mkalimani wa zamani au yeye achukue fimbo yake aende. Bwana Shauri akauliza kwa Kiswahili kumetokea nini. Mzee Stanslaus akanigeukia. "Kisyeri. Tafsiri wewe."

Nikasimama katikati. Barua yako ilikuwa mfukoni, naisikia kifuani. Ningeweza kuitoa pale pale: mtu wa upande mmoja, imeandikwa na mwalimu. Au ningeweza kufanya kama Filemoni, nikalainisha kidogo, na nani angenilaumu? Ni mama yangu. Nilimtazama. Hakunisaidia. Alikuwa ananiangalia tu, kama anavyomwangalia mtu aliyeagizwa chumvi.

Nikageukia Wajaluo nikasema kwa Kijaluo, kwa sauti ile ile ya Mzee Waitara, na kwa "mimi" kama ninavyofanya siku zote: Mimi nasema mama wa mkalimani huyu alikuja kwetu amebeba samaki mkavu. Nikasema harufu. Nikasema hana kwao. Nikasema bahati mbaya. Kisha nikamgeukia Bwana Shauri nikayasema yote tena kwa Kiswahili. Sikupunguza. Nilisikia mtu mmoja nyuma anavuta pumzi.

Onditi akakaa, akalaza fimbo magotini. Kisha akasimama akasema kwa Kijaluo, na safari hii ilinibidi nimtafsirie Mzee Waitara kwa Kikurya, tena kwa "mimi": "Mimi mtu huyu simjui nyumbani kwake. Lakini mtu aliyeweza kunifikishia tusi la mama yake mzazi bila kumwaga tone, huyo hawezi kunipotezea mtamba. Mimi namtaka huyu." Rhobi, kwa lile tusi sikutoka jasho. Hapo nililowa. Wewe hujawahi kusimama mbele ya watu mia mbili ukajisifu kwa kinywa chako mwenyewe kwa sababu ndiyo kazi.

Mzee Waitara akamwangalia Onditi. Akauliza, "Tusi langu alilifikisha lote?"

"Lote."

"Hata samaki?"

"Hata samaki. Na harufu."

Mzee Waitara akakaa. Akafikiri. Akasema, "Basi aendelee huyu. Nimechoka kusalimia watu."

Hata Bwana Shauri alicheka, baada ya kutafsiriwa. Niliapishwa saa saba kasoro. Barua yako ya mistari mitatu haikutoka mfukoni. Nakurudishia, imo humu. Uichome au uwaonyeshe wanafunzi jinsi mwandiko mzuri usivyotosha. Hukukosea. Mimi ndiye niliyekosea, tangu langoni.

Na kuhusu langoni. Nilipomaliza kuapa, watu wanatoka, Mama akasimama kule ukutani akaniita. "Nyathina!" Sauti yake unaijua, hata mbuzi waligeuka. Wakurya wote walikuwepo. Nikaitika kwa Kijaluo, kwa nguvu. Kisha nikaitika na kwa Kikurya, kwa sababu upande wa pili nao walikuwa wanasikiliza. Akaja akanitengeneza kola. Akasema, "Leo umenitukana vizuri. Hukuacha kitu." Nililia, nakwambia wewe tu. Mimi nilikuwa nimesubiri tusi lake miaka yote hii, kumbe yeye alikuwa anasubiri langu.

Kesi ya mtamba itaamuliwa mwezi ujao. Ni wa nani sijui, na si kazi yangu kujua.

Kaka yako,
Simoni Kisyeri, mwana wa Heche, mwana wa Akeyo
Mkalimani Mkuu


Barazani, Kemorabu
16 Aprili 1957

Kwa Mwalimu Philomena Rhobi, Busawe.

Mwalimu, salaam.

Mimi ndiye niliyepiga mstari mwekundu chini ya neno lako. Nimekuwa hakimu miaka kumi na minne, na sipendi kufuta nilichoandika, na hata ningependa, wino huu haufutiki.

Jumapili nilikuwa kanisani. Tulisali kwa Utatu Mtakatifu, nami nimesali hivyo tangu ubatizo. Umoja naujua. Utatu naujua. Nilikaa kwenye benchi nikajiuliza, mtu mzima mimi, nilidhani katikati yake pana nini? Shimo?

Barua yako inabaki kwenye faili la mkalimani, na watakaokuja baada yangu wataukuta ule mstari na kuuliza. Naomba uniandikie maana ya neno hilo, tuibandike chini yake. Isizidi mistari mitatu. Nimeambiwa unaweza mistari mitatu.

Wako,
Stanslaus, Hakimu


Busawe
24 Aprili 1957

Mzee Hakimu, shikamoo.

Nimepokea barua yako mbele ya darasa la akina mama, nikawasomea. Hilo la Utatu limeniaibisha. Kanisa ndilo darasa letu, na mimi mwalimu sikuliona. Mama Mogesi anasema yeye aliliona zamani, alingoja tu aulizwe.

Mstari mwekundu usisikitike nao, Mzee. Huku kwetu neno lililopigiwa mstari ndilo la kukumbuka.

Maana uliyoiomba ni hii. Imetungwa na Mogesi wa Robanda, ikaandikwa na mimi, na kwa kuwa uliniachia mistari mitatu sikuzidisha:

Uwili ni kuwa mbili bila kugawanyika.
Ndumilakuwili ana upande mbele ya kila mtu; mwenye uwili hana upande anaoukana.
Mfano: Mama aliita mara moja, mwanawe akaitika mara mbili.

Philomena Rhobi, binti wa Heche, binti wa Akeyo
Mwalimu